Mipaka ya Kazi kati ya Mbunifu wa Kujitegemea na Mteja Wake: Mwongozo Kamili

Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki. Tangu wakati huo sheria za nchi nyingi zimeendelea kumwekea mwajiri mipaka, na Ufaransa, kuanzia Januari 2017, inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki yao ya kutosumbuliwa na mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Mbunifu wa kujitegemea, awe mchoraji, mpiga picha, mwandishi, mhariri wa video au msanifu wa nembo, kwa kawaida hayumo katika kinga hizo. Kinga anayoihitaji hana budi kuiandika mwenyewe na kukubaliana nayo na mteja kabla kazi haijaanza, kwa sababu sharti linalotajwa kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi huonekana kuwa kisingizio, hata likiwa la haki kabisa.

Haja hiyo ni kubwa zaidi katika kazi za ubunifu kuliko katika kazi nyingi nyingine. Fundi akipachika mlango, ukafunga na kufunguka vizuri, kila mtu anajua kwamba kazi imekwisha. Nembo, makala au filamu fupi haina dalili ya namna hiyo. Daima kuna rangi nyingine ya kujaribu, sentensi nyingine ya kugeuza, wimbo mwingine wa kuweka chini ya picha. Mteja anayeendelea kuomba mabadiliko mara nyingi hana nia mbaya, bali hakuna aliyemwonyesha mahali kazi inapoishia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuonyesha mwisho huo na namna ya kuulinda.

Hatua ya kwanza: Pima uwezo wako kabla ya kuzungumza na mteja

Huwezi kumwambia mteja kwa uthabiti kwamba kazi yake itachukua wiki tano ikiwa wewe mwenyewe hujui wiki yako ina nafasi kiasi gani. Chukua kalamu uhesabu. Ukijipangia saa 40 za kazi kwa wiki, usizichukulie zote kuwa saa za kuuza, kwa maana kuandika ankara, kujibu barua pepe, kutafuta wateja, kutunza vifaa na kujifunza programu mpya ni kazi ambayo hakuna mteja anayeilipia moja kwa moja. Tuseme shughuli hizo zinachukua saa 15, zimebaki 25. Ikiwa una wateja wawili wanaochukua saa 8 kila mmoja, mteja mpya anaweza kupata saa 9 tu kwa wiki, na nembo unayoikadiria kwa saa 30 itahitaji zaidi ya wiki tatu za kazi yako, kabla ya kuongeza siku za kusubiri majibu yake. Mbunifu aliyefanya hesabu hii hujibu swali la "lini itakuwa tayari?" kwa tarehe anayoweza kuitimiza. Asiyeifanya hutaja tarehe ya kumfurahisha mteja, kisha huilipa kwa usingizi wake.

Amua pia mambo ambayo hutayafanya hata ukilipwa vizuri, na uyaandike: pengine ni kazi za siku moja, pengine ni kuiga kazi ya msanii mwingine, pengine ni kufanya kazi siku ya mapumziko na ibada. Uamuzi uliofikiwa ukiwa umetulia ni rahisi kuutetea kuliko ule unaoutafuta mteja akiwa kwenye simu anasubiri jibu.

Hatua ya pili: Tumia mazungumzo ya kwanza kuuliza

Wabunifu wengi hutumia mazungumzo ya kwanza kujieleza na kuonyesha kazi zao za zamani. Ni muhimu zaidi kuuliza. Kazi hii ni kwa ajili ya nani, na itatumika wapi? Tarehe inayotajwa imefungwa na jambo gani: uzinduzi, maonyesho, au ni tamanio tu? Nani atakayetoa maoni, na katika hao, nani mwenye kauli ya mwisho?

Swali hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Chanzo kimoja kikubwa cha marekebisho yasiyokwisha ni kwamba mbunifu alizungumza na ofisa wa masoko kwa mwezi mzima, kazi ikakubaliwa, kisha mkurugenzi akaiona kwa mara ya kwanza siku ya kukabidhi na kutaka ianzwe upya. Mkurugenzi hakukosea kuwa na maoni. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwingiza kwenye mazungumzo mapema. Omba jina na cheo cha mtu mmoja ambaye idhini yake ndiyo idhini ya mteja, na uliandike katika makubaliano.

Sikiliza pia namna mteja anavyowazungumzia wabunifu waliomtangulia. Akisema kwamba watatu waliopita wote walikuwa wazembe, uliza kwa upole ni nini hasa kilichoharibika. Huenda alikutana na watu wasio makini, na huenda pia wote watatu walishindwa na mteja asiyejua anachokitaka. Jibu lake litakusaidia kujua ni kifungu gani cha makubaliano kinachohitaji kukazwa zaidi.

Hatua ya tatu: Andika makubaliano

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa ahadi za kazi. Makubaliano si lazima yawe waraka wa kurasa 20. Kurasa mbili zilizoandikwa kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa, zikatiwa saini au kukubaliwa kwa barua pepe, huzuia magomvi mengi. Kwa kazi kubwa, au kazi inayovuka mipaka ya nchi, ni busara kumshirikisha mwanasheria.

Anza na kile utakachokabidhi, kwa idadi na kwa umbo. "Usanifu wa nembo" haitoshi. Andika: "Mapendekezo matatu ya awali ya nembo, pendekezo moja litakalochaguliwa na kukamilishwa, faili za PDF, PNG na SVG katika rangi kamili na katika nyeusi na nyeupe." Kisha, jambo ambalo wengi hulisahau, andika kile kisichokuwamo: "Kazi hii haihusishi usanifu wa kadi, mabango, kurasa za mitandao ya kijamii wala usimamizi wa uchapishaji." Sentensi hii hukuokoa siku mteja atakaposema kwamba alidhani kadi zimo.

Baada ya hapo fafanua marekebisho. Naona awamu mbili zinatosha kwa kazi nyingi, mradi awamu ielezwe maana yake: orodha moja ya maoni, iliyokusanywa kutoka kwa wote wanaohusika na kutumwa kwa pamoja, ndani ya siku tano za kazi tangu rasimu ilipopokewa. Bila maelezo hayo, mteja anaweza kutuma oni moja Jumatatu, mawili Jumatano na moja usiku wa Ijumaa, na kila mmoja wenu akawa na hesabu yake. Tenganisha pia marekebisho na kazi mpya. Kubadili ukubwa wa maandishi katika pendekezo lililochaguliwa ni marekebisho. Kutaka pendekezo la nne baada ya kuyakataa yale matatu ni kazi mpya. Kwa mwandishi, kunyoosha aya ni marekebisho, lakini kubadili mada au wasomaji waliolengwa ni kazi mpya. Kwa mhariri wa video, kufupisha sehemu ni marekebisho, na kuleta picha zilizorekodiwa upya ni kazi mpya. Toa mifano ya fani yako ndani ya waraka wenyewe, kwa sababu mfano hueleweka upesi kuliko tafsiri ya kisheria.

Thamani ya kifungu hiki huonekana kwa hesabu. Tuseme ulikadiria saa 30, zikiwamo awamu mbili za marekebisho za saa 3 kila moja. Mteja akiomba awamu nyingine tatu nawe ukazikubali kimya kimya, umefanya kazi kwa saa 39 kwa malipo yaleyale, na ujira wako wa kila saa umeshuka kwa karibu robo. Unapotuma barua ya kueleza kwa nini awamu ya tatu inalipiwa, ni hiyo robo unayoilinda.

Usiache kifungu kuhusu ukimya. Mteja anaweza kupotea kwa wiki sita, kisha akarudi akitaka kazi iishe kesho. Andika kwamba usipopata majibu ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, tarehe ya kukabidhi itasogezwa kulingana na nafasi utakayokuwa nayo, na kwamba baada ya siku 30 za ukimya kazi itahesabiwa kuwa imesitishwa na sehemu iliyokwisha kufanyika italipwa.

Hatimaye, haki za matumizi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, hakimiliki hupatikana bila kuhitaji usajili, na tangu marekebisho ya mwaka 1928 mkataba huo unatambua haki ya mtunzi ya kutambuliwa na ya kupinga upotoshaji wa kazi yake unaoharibu heshima yake. Hata hivyo sheria za nchi hutofautiana kuhusu nani anamiliki kazi iliyoagizwa kwa malipo, kwa hiyo usiliache jambo hili hewani. Eleza kama mteja ananunua haki zote au leseni ya matumizi maalumu, kwa muda gani na katika nchi zipi, na kama faili asilia, yaani zile zinazoweza kuhaririwa, zimo katika bei. Sema pia kwamba haki hizo zitahamia kwake baada ya malipo ya mwisho kupokewa.

Hatua ya nne: Yafanye malipo yalinde ratiba

Usianze kazi bila arubuni. Kwa kazi fupi, nusu ya malipo kabla ya kuanza na nusu kabla ya kukabidhi faili za mwisho ni mpango unaoeleweka kwa urahisi. Kwa kazi ya miezi kadhaa, gawanya malipo kwa hatua, na kila hatua ianze baada ya ankara ya hatua iliyopita kulipwa. Rasimu za kutazamwa zitume zikiwa na ubora mdogo au zikiwa na alama yako juu ya picha, na umweleze mteja mapema kwamba ndivyo unavyofanya kwa kila mtu, ili asidhani kwamba anashukiwa yeye.

Andika tarehe ya kulipa kwa siku kamili na matokeo ya kuchelewa. Kudai hivyo si ukorofi, na sheria zenyewe zinaonyesha kwamba kuchelewesha malipo ni tatizo linalotambuliwa. Jiji la New York lina sheria iliyoanza kutumika Mei 2017 inayotaka mkataba wa maandishi kwa kazi za kujitegemea zenye thamani ya dola 800 au zaidi, na malipo ndani ya siku 30 tangu kazi ikamilike ikiwa mkataba haukutaja tarehe. Umoja wa Ulaya, kupitia agizo lake la mwaka 2011 kuhusu malipo yanayocheleweshwa, unamruhusu anayedai kutoza riba pamoja na fidia isiyopungua yuro 40. Tafuta kujua sheria ya nchi yako na ya mteja wako inasema nini, kisha kifungu chako kiende sambamba nayo.

Hatua ya tano: Panga mawasiliano

Taja saa zako za kazi katika makubaliano na chini ya barua pepe zako, na kwa mteja aliye mbali taja pia majira unayoyafuata, kwa sababu asubuhi yake inaweza kuwa usiku wako wa manane. Taja muda wa kujibu: siku moja ya kazi inatosha kwa mambo ya kawaida. Chagua njia moja ambayo maamuzi hufanyika, na mimi napendekeza barua pepe, kwa kuwa ni rahisi kuitafuta baada ya miezi. WhatsApp inaweza kubaki kwa mambo madogo kama "nimefika" au "faili imefika". Toleo lake la biashara linakuwezesha kuweka ujumbe unaojituma wenyewe nje ya saa zako, na ujumbe huo uwe mfupi na wa heshima: "Asante kwa ujumbe wako. Ninafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na nitakujibu siku ya kazi inayofuata."

Mteja akitoa maelekezo kwa simu au kwa ujumbe wa sauti, usibishane naye kuhusu njia aliyoitumia. Sikiliza, kisha mwandikie: "Kama nilivyokuelewa katika mazungumzo yetu ya leo, unataka mambo haya matatu yabadilike. Tafadhali nithibitishie ili nianze." Barua hiyo fupi huwa kumbukumbu yenu nyote wawili.

Sehemu ngumu zaidi ya hatua hii inakuhusu wewe. Ukimjibu mteja saa 5 usiku mara tatu mfululizo, umemfundisha kwamba saa 5 usiku ni saa ya kazi, na hakuna kifungu cha mkataba kitakachofuta somo hilo. Ikiwa unapenda kuandika usiku, andika, lakini panga barua ijitume asubuhi. Huduma nyingi za barua pepe zina uwezo huo. Zima taarifa za simu baada ya saa zako. Mteja atazoea haraka, na mara nyingi atafarijika kujua ni lini hasa atapata jibu.

Hatua ya sita: Jibu mpaka unapojaribiwa

Mpaka utajaribiwa, na mara nyingi kwa sentensi inayoanza na "ni jambo dogo tu." Jibu mara ya kwanza, bila hasira na bila kuomba radhi kupita kiasi. Ukinyamaza mara mbili na kulalamika mara ya tatu, mteja ana haki ya kushangaa ni nini kilichobadilika. Usikatae tu pia. Mpe njia ya kuchagua:

"Nashukuru kwa maoni yenu. Awamu mbili za marekebisho tulizokubaliana zimekamilika. Ninaweza kufanya mabadiliko haya kama kazi ya nyongeza ya saa 4, na itasogeza tarehe ya kukabidhi kwa siku mbili. Au tunaweza kukamilisha kazi ilivyo sasa na kuyaacha mabadiliko haya kwa kazi ijayo. Tafadhali nijulisheni mnapendelea lipi."

Ujumbe huo unataja makubaliano, unataja gharama na muda, kisha unamwachia mteja uamuzi. Usianze nyongeza hiyo kabla ya kupata kibali chake kwa maandishi.

Kazi ya dharura iwe na bei yake, iliyotajwa tangu mwanzo kama asilimia juu ya bei ya kawaida. Mteja mwenye dharura ya kweli kwa kawaida atailipa, na yule aliyekuwa na haraka tu atagundua kwamba Jumatatu inamfaa. Kuhusu kazi ya bure ya majaribio, msimamo wangu ni kwamba usiifanye. Anayetaka kuona uwezo wako ana kazi zako zilizopita, na anayetaka kuona wazo linalohusu biashara yake anaomba kazi yenyewe. Mpe jaribio dogo la kulipwa.

Ndugu na marafiki wanahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwani hapo kuna uhusiano usiotaka kuuvunja. Ukiamua kusaidia bure, saidia kwa moyo mmoja, lakini bado andika ni nini utakachofanya na lini. Ukiamua kupunguza bei, onyesha bei kamili kwenye ankara kisha uonyeshe punguzo, ili rafiki yako ajue ukubwa wa alichopewa na atakayemwelekeza kwako asitegemee bei hiyohiyo.

Hatua ya saba: Mteja wa zamani asiyejua mipaka

Wengi watakaosoma haya tayari wana wateja waliozoea kuwapigia simu usiku. Usibadilishe utaratibu katikati ya kazi inayoendelea. Imalizie kwa masharti ya zamani, kisha utangulize utaratibu mpya pamoja na kazi inayofuata:

"Tumefanya kazi pamoja kwa muda mrefu na ninaithamini imani yenu. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, kazi zangu zote zitafuata utaratibu mmoja kuhusu malipo ya awali, marekebisho na saa za mawasiliano. Nimeuambatanisha hapa. Kazi iliyo mkononi itaendelea kama tulivyozoea hadi ikamilike."

Usieleze kirefu kwa nini, wala usitaje makosa ya zamani. Wiki za kwanza atasahau, nawe utamkumbusha kwa upole, kila mara kwa maneno yaleyale. Asipoweza kuzoea baada ya kazi moja au mbili, swali linahamia kwenye kuendelea au kuachana naye.

Hatua ya nane: Kusitisha kazi kwa utaratibu

Baadhi ya mambo hayahitaji ukumbusho wa pili: matusi, vitisho, usumbufu wa kijinsia, au kuagizwa kudanganya hadhira. Kwa mengine, kama malipo yanayocheleweshwa mara kwa mara, toa onyo moja la maandishi lenye tarehe, na tarehe hiyo ikipita simamisha kazi kama ulivyosema.

Makubaliano yako yawe yametaja siku za taarifa, kwa mfano 14, na namna ya kulipia kazi iliyokwisha kufanyika. Ukifika hapo, andika barua fupi inayotaja kifungu hicho, tarehe ya mwisho, kilichokamilika na kinachodaiwa. Mkabidhi mteja kila alichokilipia, rudisha arubuni ya kazi ambayo hukuianza, na rudisha nywila za akaunti zake ukimwomba azibadilishe. Hifadhi mkataba, ankara na barua zenu zote kwa muda ambao sheria ya kodi ya nchi yako inautaka. Baada ya miezi kadhaa mteja huyo anaweza kurudi. Ukiamua kumpokea, anza naye upya kutoka hatua ya pili, kwa mkataba mpya na arubuni mpya, na deni la zamani liwe limelipwa kwanza.